Kutoka Luano hadi N'Djili: Historia ya Umbali Mmoja

Mtu akichukua ramani ya Afrika na bikari, akasimika ncha ya bikari juu ya uwanja wa ndege wa Luano mjini Lubumbashi, kisha akachora duara lipitalo juu ya N'Djili, uwanja wa ndege wa Kinshasa, ataona jambo ambalo ramani za shuleni hazilisemi. Duara hilo linapita karibu kabisa na Nairobi, wala haliko mbali na Johannesburg. Kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, Luano na N'Djili zimetengana kwa kilomita 1,550 hivi. Luano na Nairobi kwa kilomita 1,540. Luano na Johannesburg kwa kilomita 1,620. Dar es Salaam iko karibu zaidi kuliko miji hiyo mitatu, yaani kilomita 1,390. Ama Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, iko kilomita 200 tu.

Takwimu hizo ni za jiometri, na jiometri haina serikali. Lakini hakuna msafiri aliyewahi kwenda Kinshasa kwa jiometri. Kiswahili chenyewe kinatambua tofauti hiyo, kwani kina neno umbali, litokanalo na mbali, na kina neno mwendo, litokanalo na kitenzi kuenda. Umbali upo hata pasipo mtu. Mwendo hauwi mwendo mpaka awepo mwenye kwenda, na awepo mwenye kumruhusu kwenda. Wazee wa misafara walipoulizwa mahali fulani ni wapi, hawakutaja masafa, walitaja siku: mwendo wa siku tatu, mwendo wa mwezi. Makala haya yanafuatilia historia ya mwendo kati ya Lubumbashi na mji mkuu, hususan mwendo wa hewani, ili kuonyesha kwamba muda wa safari hiyo haukuamuliwa kamwe na umbali peke yake, wala na nguvu za injini peke yake. Uliamuliwa pia, na mara nyingine zaidi, na yule aliyeshika njia.

Kabla ya kuwako mji wa Lubumbashi, njia za Katanga zilielekea pande mbili za bahari, wala hakuna hata moja iliyokwenda mahali panapoitwa Kinshasa leo. Msiri, aliyetoka Unyamwezi na kuusimamisha utawala wa Garenganze huko Bunkeya katika nusu ya pili ya karne ya 19, alifanya biashara na Benguela upande wa magharibi na pwani ya Waswahili upande wa mashariki. Shaba, pembe na watumwa vilitoka. Bunduki, baruti na nguo viliingia. Lugha ya njia ya mashariki ilikuwa Kiswahili, na kwa hiyo Kiswahili kilifika Katanga kabla ya reli, kabla ya kampuni za madini, na kabla ya Dola Huru la Kongo kuweka bendera yake.

Kipimo kizuri cha mwendo wa zama hizo ni safari ya Kapteni William Stairs, aliyetumwa kwa niaba ya mfalme Léopold wa Pili. Msafara wake uliondoka Bagamoyo mwanzoni mwa Julai 1891, ukafika Bunkeya tarehe 14 Desemba mwaka huo huo. Ilikuwa zaidi ya miezi mitano kwa miguu, na wapagazi wake wengi walikuwa watu wa pwani. Siku sita baadaye Msiri aliuawa. Upande wa magharibi, Paul Le Marinel alikuwa ametangulia kufika Bunkeya mwezi Aprili 1891 akitokea Lusambo, kituo cha mto Sankuru ambacho chenyewe kilifikiwa kwa boti kutoka maziwa ya Stanley Pool. Hivyo Wazungu waliofika Bunkeya walikutana katikati ya nchi kutoka pande mbili. Ni vema kukumbuka, hata hivyo, kwamba njia ya mashariki ilikuwa njia kuu ya zamani yenye vituo, bei na lugha yake, ilhali njia ya magharibi, kwa mtu wa Bunkeya, ilikuwa ngeni. Kinshasa haikuwa mbali. Haikuwapo katika hesabu.

Reli nayo haikuigeuza hali hiyo mara moja. Treni ya kwanza iliingia Élisabethville mwezi Septemba 1910 ikitokea kusini, Rhodesia. Kwa hiyo mji mpya wa wakoloni wa Kibelgiji ulizaliwa ukiwa umefungamana na Bulawayo na Cape Town kuliko na Boma, uliokuwa makao makuu ya koloni wakati huo. Mtumishi wa serikali aliyetoka Ubelgiji kuja Élisabethville alipitia Afrika Kusini kwa meli na treni, akaingia Kongo kwa mlango wa nyuma. Jambo hilo liliwatia wasiwasi watawala, na ndiyo asili ya mradi ulioitwa njia ya taifa: reli itakayobaki ndani ya mipaka ya Kongo. Reli ya kampuni ya BCK ilifika Bukama mwaka 1918, na Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka 1928. Hapo ilikoma, na hapo imekoma hata sasa. Msafiri hukata karibu kilomita 1,600 za reli, kisha hushuka na kupanda meli katika mto Kasai na kuteremka kilomita zaidi ya 800 za maji hadi Kinshasa. Kilomita 1,550 za jiometri zimekuwa kama 2,400 za chuma na maji.

Ndege zilianza Kongo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1920 ilianzishwa njia iliyopewa jina la mfalme Albert, ikitumia ndege za kutua majini zilizofuata mto kutoka Kinshasa, na mwaka 1921 zilifika Stanleyville, Kisangani ya leo. Mpango huo ulikoma mwaka 1922. Jambo la kuzingatia ni kwamba ndege hizo zilikuwa bado watumwa wa mto: ziliruka juu yake, zilitua juu yake, na rubani alijua njia kwa kuutazama. Katanga, isiyo na mto mkubwa wa kuifikisha Kinshasa moja kwa moja, haikuweza kufikiwa hivyo.

Shirika la Sabena liliundwa Ubelgiji mwaka 1923. Tarehe 12 Februari 1925 rubani Edmond Thieffry, pamoja na Léopold Roger na Joseph De Bruycker, aliondoka Brussels kwa ndege ya Handley Page yenye injini tatu, iliyopewa jina la binti mfalme Marie-José. Walifika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Safari ilichukua siku 51, lakini saa walizokuwa hewani hazikupita 75 na dakika 25. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili inastahili kutazamwa kwa makini. Jumla ya saa 75 ni siku tatu na kidogo. Siku 48 zilizobaki zilikuwa za kungoja: kungoja dhoruba ipite, kungoja matengenezo, kungoja kupambazuke. Tangu safari yake ya kwanza, basi, ndege ya Kongo ilikuwa chombo cha kwenda upesi na kukaa sana. Thieffry mwenyewe alifariki katika ajali ya ndege nchini Kongo, upande wa ziwa Tanganyika, mwezi Aprili 1929.

Magazeti ya Ubelgiji yalimshangilia Thieffry, lakini safari yake haikuanzisha huduma yoyote ya kudumu kutoka Ulaya. Kilichofuata kilikuwa kitu cha unyenyekevu zaidi, na kwa wakazi wa Katanga kilikuwa na maana zaidi: kufyeka viwanja. Kufikia mwaka 1926 vilikuwa vimeandaliwa viwanja vya kutosha hata Sabena ikaanza kuruka ndani ya koloni, na njia yake kuu ilikuwa Boma, Léopoldville, Élisabethville, urefu wa kilomita 2,288. Ndege ndogo za De Havilland zilitangulia, zikafuatiwa na Handley Page za abiria kumi. Msomaji akitoa katika hesabu hiyo kipande cha Boma na Léopoldville, ambacho ni kama kilomita 300 kwa mstari mnyoofu, atabakiwa na zaidi ya 1,900 kati ya Léopoldville na Élisabethville. Jiometri inasema 1,550. Kilomita mia nne na ushei za ziada zilitokana na ukweli kwamba ndege ya wakati huo haikufuata mstari, ilifuata viwanja, mmoja baada ya mwingine, kupitia Kasai, kama msafara ulivyofuata visima. Mwendo wake haukuzidi kilomita 150 kwa saa, wala haikuruka usiku. Safari ambayo ingeweza kumalizika kwa saa 13 za hewani iligawanyika katika siku.

Hapa pana pengo katika kumbukumbu. Taarifa za njia hizo zimeandikwa kwa Kifaransa, na zinahesabu barua, mizigo na abiria. Mikono iliyong'oa visiki na kusawazisha vichuguu haikuhesabiwa. Historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Élisabethville mwaka 1965 na André Yav, ile ijulikanayo kwa jina la Vocabulaire de ville de Élisabethville, ni mfano adimu wa historia iliyotungwa upande wa watumishi wa nyumbani na si upande wa mabwana wao. Lakini maandishi ya namna hiyo ni machache mno. Lugha yenyewe imehifadhi kidogo. Katika Kiswahili cha mitaani mjini Lubumbashi chombo hiki huitwa ndeke, neno lile lile la kiumbe arukaye, kwa namna ya matamshi ya huku. Watu walikitazama kwa chini, wakakipa jina kwa kadiri walivyokiona.

Huduma ya kawaida kati ya Ubelgiji na Kongo ilianza tarehe 23 Februari 1935, kwa ndege ya Fokker iliyofika Léopoldville baada ya siku tano na nusu. Mwaka uliofuata ndege za Kiitaliano aina ya Savoia-Marchetti zilipunguza muda huo hadi siku nne. Baada ya Vita Vikuu vya Pili zilikuja Douglas za injini nne, na siku zikageuka kuwa saa. Mwaka 1953 ulifunguliwa uwanja wa N'Djili, wenye njia ya kurukia ya kilomita 4.7, mojawapo ya ndefu kuliko zote duniani wakati ule. Ndege kubwa haikuwa tena na haja ya viwanja vya kuombaomba njiani. Kwa mara ya kwanza Léopoldville na Élisabethville ziliunganishwa kwa mstari ulio karibu na ule wa jiometri. Kwa takriban miaka saba ilionekana kana kwamba umbali umeshindwa.

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Jioni ya tarehe 12, ndege iliyowachukua Rais Joseph Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Patrice Lumumba iliikaribia Élisabethville. Wakuu wa Katanga walikataa isitue, ikageuka. Yafaa kulitafakari tukio hilo kwa upande wa somo hili. Ndege ilikuwapo, mafuta yalikuwapo, uwanja ulikuwapo chini yao. Wakuu wawili wa nchi walikuwa wamekata umbali wote. Kilichowashinda kilikuwa mwendo wa dakika chache za mwisho, kutoka hewani hadi ardhini. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Agosti, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alitua Élisabethville pamoja na askari wa Kiswidi, lakini baada ya kukubaliana na Tshombe. Uwanja wa ndege ulikuwa umekuwa mpaka.

Lumumba alitua Luano mara nyingine. Tarehe 17 Januari 1961 alitolewa gerezani Thysville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapelekwa Moanda kwenye pwani ya Atlantiki, na huko wakahamishiwa ndege ya DC-4 ya Air Congo. Kutoka Moanda hadi Luano ni karibu kilomita 1,780. Walisafirishwa wakiwa wamefungwa, wakipigwa njia nzima. Ndege ilitua kabla ya saa 11 jioni. Safari hiyo, mlango haukufungwa: wale waliomnyima Waziri Mkuu ruhusa ya kutua miezi sita kabla walimpokea akiwa mfungwa. Usiku ule ule wote watatu walipigwa risasi huko Shilatembo, nje ya mji. Askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa uwanjani walishuhudia kutua kwao. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya nani aliagiza na nani alitii. Hapa inatosha kusema kwamba bila ndege uamuzi huo usingewezekana. Kwa treni na meli mfungwa kama yule angepita mbele ya macho ya watu wengi, mikoa kadhaa, siku nyingi. Hewani hakupita mbele ya mtu.

Miezi minane baadaye hali hiyo ilimfikia Hammarskjöld mwenyewe. Mapigano kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na wale wa Katanga yalikuwa yameanza, na Katanga ilikuwa na ndege moja ya kivita aina ya Fouga Magister iliyotosha kuzitisha ndege zote za abiria. Hammarskjöld alitaka kukutana na Tshombe huko Ndola. Kutoka N'Djili hadi Ndola ni kama kilomita 1,740 kwa mstari mnyoofu, na mstari huo unapita juu ya Katanga. DC-6 yake, iliyoitwa Albertina, ilikuwa imepigwa risasi asubuhi hiyo hiyo ilipokuwa ikiondoka Élisabethville, ikatengenezwa Léopoldville. Jioni ya tarehe 17 Septemba 1961, muda mfupi kabla ya saa 11 kwa saa za Léopoldville, iliruka kuelekea mashariki, ikazunguka hadi upande wa ziwa Tanganyika, kisha ikageuka kusini ili kuikwepa anga ya Katanga. Ilipofika juu ya Ndola ilikuwa imeruka kwa saa 6 na dakika 20 hivi, ambapo njia fupi ingeihitaji takriban saa 4. Muda mfupi baada ya saa 6 za usiku, kwa saa za Ndola, ilianguka msituni. Watu 15 walikufa hapo, na wa 16 siku chache baadaye hospitalini. Lord Lansdowne, mjumbe wa serikali ya Uingereza, aliyesafiri siku hiyo kwa ndege nyingine kutoka Léopoldville, alikuwa amekwisha kufika salama.

Uchunguzi wa ajali hiyo haujafungwa. Kuanzia mwaka 2015 uliongozwa na Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, ambaye taarifa zake kwa Umoja wa Mataifa zimesema kwamba yamkini shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ajali, na zimezihimiza serikali zenye kumbukumbu zizitoe. Saa mbili za ziada, hata hivyo, hazihitaji uchunguzi. Zilikuwa gharama ya kuzunguka nchi ambayo haikutaka kupitwa juu yake.

Baada ya kujitenga kukomeshwa Januari 1963, swali la mwendo lilirudi katika sura ya amani, na sura hiyo inahusu vyuo vikuu moja kwa moja. Chuo Kikuu Rasmi kilikuwa kimeanzishwa Élisabethville mwaka 1956, Lovanium huko Léopoldville mwaka 1954, na chuo cha Kisangani mwaka 1963. Mageuzi ya mwaka 1971 yaliviunganisha vyote vitatu kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na kugawa masomo kati ya kampasi. Lugha, fasihi, historia na sayansi za jamii vikahamishiwa Lubumbashi. Walimu na wanafunzi wa Kinshasa waliohusika na masomo hayo walilazimika kuvuka nchi nzima, na uongozi wa juu ulibaki Kinshasa. CELTA, kituo cha isimu ambacho kazi zake juu ya lugha za nchi bado zinasomwa, kilizaliwa Lubumbashi mwaka huo huo. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 1981.

Hapana shaka ulikuwa mpango ambao haungefikirika bila ndege. Ulichukulia kwamba saa mbili na nusu za jeti zimeuondoa umbali, na kwamba karatasi, fedha na mwalimu vitakwenda na kurudi pasipo taabu. Ulikuwa na matunda yake: kwa miaka kumi Lubumbashi ikawa mahali ambapo mwanafunzi aliyekulia katika Kilingala, yule aliyekulia katika Kikongo na yule aliyekulia katika Kiluba walikutana katika mji wa Kiswahili, wakaenda sokoni kununua vyakula kwa lugha ambayo hawakuizaliwa nayo. Historia ya kuenea kwa Kiswahili cha Lubumbashi miongoni mwa wasomi wa nchi haijaandikwa, nayo ingeanzia hapo. Lakini shirika lililobeba mzigo huo, Air Zaïre, lilikuwa likiitwa na abiria wake «Air Peut-Être», yaani shirika la «Huenda». Utani huo una maana kuliko ratiba zote za wakati ule. Muda wa hewani ulikuwa umethibitika. Kilichokuwa cha bahati ni kuondoka. Wakati huo huo njia ya kurukia iliyoweza kupokea Concorde ilijengwa Gbadolite, kijijini kwa Rais Mobutu. Mwaka 1995 Air Zaïre ilifilisika.

Mwaka uliofuata vita vilivyoanzia Kivu vilirudisha kipimo cha zamani. Majeshi ya AFDL yalisonga mbele kwa sehemu kubwa kwa miguu, tangu Oktoba 1996. Yalitwaa Lubumbashi tarehe 9 Aprili 1997, na Kinshasa tarehe 17 Mei. Kati ya miji hiyo miwili zilipita siku 38, ambazo si mbali sana na siku 51 za Thieffry. Siku Kinshasa ilipoanguka Laurent-Désiré Kabila alikuwa Lubumbashi, na ni kutoka Lubumbashi alikojitangaza kuwa Rais. Siku tatu baadaye alipanda ndege, akafika N'Djili usiku. Wakazi wa Kinshasa walisikia askari wakiamrisha barabarani kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wao waliifahamu kama lugha ya mbali. Katika jambo hilo ramani ya bikari ilidhihirika: lugha iliyokuja Katanga kwa njia ya Bagamoyo ilikuwa imefika mto Kongo, na ilikuwa imechukua zaidi ya karne moja kukata kilomita zilizobaki.

Tangu wakati huo ndege imebaki kuwa njia pekee ya kutumainiwa kati ya miji miwili mikubwa ya nchi. Hilo si sifa kwa ndege. Reli ya Ilebo imechakaa, na mtu anayeifuata hadi mtoni, kisha akangoja chombo cha kuteremka, huweza kumaliza wiki kadhaa. Barabara ya Taifa namba 1, inayopitia Kolwezi, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa na Kikwit, huvunjika kila masika. Mashirika yaliyoandikishwa Kongo yamepigwa marufuku katika anga ya Umoja wa Ulaya tangu 2006, kwa sababu za usalama. Congo Airways, shirika la serikali, lilianza kuruka Oktoba 2015 na limepita katika misukosuko yake. Asiye na nauli ya ndege hana safari ya Kinshasa, ana uhamisho.

Ndege ya leo huruka kati ya Luano na N'Djili kwa muda wa kati ya saa 2 na robo na saa 2 na nusu. Kwa kuwa Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, anayeondoka Kinshasa saa 2 asubuhi na kuruka kwa saa 2 na dakika 20 hufika Luano saa 5 na dakika 20. Akirudi, saa ya mkononi humwambia kwamba amesafiri kwa saa 1 na dakika 20 tu. Watoto wa mjini hulipenda fumbo hilo. Asili yake ni mgawanyo wa saa uliorithiwa kutoka enzi ya koloni, unaoiweka nusu ya mashariki ya nchi pamoja na Lusaka na Kigali, na nusu ya magharibi pamoja na Luanda. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anaweza kuwa Ndola au Kasumbalesa na kurejea kwa barabara kabla ya kupata kiti cha kwenda mji mkuu wake.

Mwezi Juni 2022 Ubelgiji iliirudishia familia ya Patrice Lumumba jino, kitu pekee kilichojulikana kubaki katika mwili wake baada ya wauaji kuuharibu. Jeneza lilikabidhiwa Brussels tarehe 20, likapelekwa Kongo kwa ndege, likazungushwa nchini: Sankuru alikozaliwa, Kisangani, kisha Lubumbashi, ambako lilitua Luano na kupelekwa Shilatembo. Safari hii uwanja ulikuwa wazi, na watu walikuwa wamepanga mstari barabarani. Kutoka Lubumbashi jeneza lilirukishwa hadi Kinshasa, na likazikwa huko tarehe 30 Juni. Waziri Mkuu alikuwa ameshuka Luano tarehe 17 Januari 1961. Kuondoka kwake kulichukua miaka 61 na miezi mitano. Kuruka kwenyewe kulichukua saa mbili na kitu.